Nani Kahesabu Gozi?

Mgonjwa akishaingizwa chumba cha upasuaji, jamaa waliobaki nje huwa na swali moja tu: daktari gani? Wakitajiwa jina wanalolijua, mabega hushuka, mmoja akatafuta pa kukaa, mwengine akaenda kununua maji. Nimekuwa muuguzi wa thieta Unguja na Pemba kwa miaka mingi na sijapata kumsikia jamaa akiuliza nani atamlaza nusu kaputi, nani atahesabu gozi, vile vitambaa vyepesi vya kufyonzea damu, nani atakaa naye saa mbili za mwanzo akishatolewa mezani. Siwalaumu. Hata sisi tukipeleka ndugu zetu, tunauliza lilo hilo la daktari.

Lakini mtu wangu wa karibu akinitaka ushauri, hasa binti anayekwenda kuzaa kwa opareshini, namwambia hivi: kuliko mpasuaji hodari katika chumba ambacho hakuna anayethubutu kumwambia "subiri kwanza", heri mpasuaji wa kawaida katika chumba ambacho watu wanasema. Najua maneno haya yatawaudhi baadhi ya wakubwa zangu wa kazi. Wanisikilize mpaka mwisho, halafu waniite ofisini.

Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya ukaguzi wa usalama wa upasuaji. Ni ukurasa mmoja wenye mambo 19, unaosomwa kwa sauti mara tatu: kabla ya nusu kaputi, kabla ya kisu kugusa ngozi, na kabla ya mgonjwa kutolewa chumbani. Wapo wenzetu wanaoichukulia kama kitu cha Wazungu kilicholetwa kutuongezea makaratasi. Hawajui kwamba katika hospitali nane za dunia zilizoijaribu mwanzo, moja ilikuwa ya Ifakara, bara hapo tu, ikiwa safu moja na London, Seattle, Toronto, Auckland, Amman, Manila na New Delhi. Matokeo yalitoka Januari 2009. Vifo vya waliopasuliwa vilishuka kutoka 1.5 kwa kila mia hadi 0.8, na matatizo makubwa baada ya upasuaji yalishuka kutoka 11 kwa mia hadi 7. Hapakuwa na dawa mpya wala mashine mpya ya kutajika. Watu walisimama, wakaulizana, wakajibizana.

Ukisikia hivyo unaweza kudhani kazi imekwisha, tuichape ile karatasi, tuibandike ukutani, tulale. Ndivyo walivyodhani wakubwa wa jimbo la Ontario, Canada, walipozitaka hospitali zao zote ziitumie. Mwaka 2014 watafiti walichapisha hesabu ya hospitali 101 za jimbo hilo, kabla na baada ya orodha. Vifo havikupungua kwa kiasi cha maana. Karatasi ilijazwa, na mimi naijua hiyo namna ya kujaza, kwa sababu huku kwetu pia ipo: mgonjwa keshafungwa nyuzi, keshapelekwa wodini, ndipo mtu anachukua kalamu na kupiga vema kumi na tisa kwa mkupuo mmoja huku anakunywa chai. Faili linakuwa zuri. Mkaguzi akija anafurahi.

Sasa nieleze kwa nini jambo hili ni gumu zaidi kwetu kuliko linavyoonekana katika makongamano.

Mzanzibari amelelewa kwa adabu. Mdogo hamkati kauli mkubwa, na mtoto wa kike ndiyo kabisa. Ni malezi ninayoyapenda, na wanangu nimewalea hivyo hivyo. Ila ndani ya thieta malezi hayo yanavaa kanzu ya kijani na kukaa kimya mahali ambapo kimya kina gharama. Kwenye orodha kuna kipengele ambacho wengi wetu hukiruka kwa sababu kinaonekana cha kitoto: kila aliyemo chumbani ajitambulishe kwa jina na kazi yake. "Tunajuana wote hapa," husema. Kweli tunajuana, tumesoma pamoja, tumeoleana. Lakini aliyekwishatoa sauti yake mara moja mwanzoni, kusema jina lake tu, huona wepesi kuitoa tena jambo linapoharibika. Hilo nimeliona kwa macho, na wala halihitaji fedha ya mfadhili.

Katika hospitali moja ambayo sitaitaja, nilikuwa upande wa pili wa meza. Mama alikuwa katika opareshini ya uzazi, mtoto keshatoka na analia vizuri, daktari kaanza kufunga. Aliyekuwa akihesabu gozi alikuwa binti mgeni kazini. Akasema, kwa sauti ya mtu anayemwomba jirani chumvi, "Dokta, gozi moja haijatimia."

Daktari hakuinua kichwa. "Hesabu tena."

Akahesabu. "Bado moja."

Mikono ya daktari ikawa inaendelea na uzi. Ni mtu mzima, ana sifa zake, na alikuwa na mgonjwa mwengine anayesubiri. Yule binti akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mimi sitaweza kutia saini."

Basi, hilo tu. Hakumwambia umekosea, hakupandisha sauti, hakumvunjia mtu heshima. Daktari akasimamisha mkono, akafungua tena. Gozi ilikuwa nyuma ya mfuko wa uzazi, imelowa damu, rangi yake na ya nyama moja. Siku ile hakumshukuru. Ila baadaye nilimsikia katika opareshini nyengine akiuliza mwenyewe kabla hajashika uzi wa kufungia, "Hesabu vipi?"

Msomaji asiye wa kazi hii huenda haoni uzito wa kitambaa kimoja. Kitambaa kinachosahaulika tumboni huweza kukusanya usaha, matumbo hushikamana nacho, homa huja na kuondoka. Mama anarudi nyumbani, anaumwa tumbo miezi, na kwa sababu yeye ni mwanamke na tumbo ni la uzazi, majirani humwambia ni chango. Atachemshiwa mizizi. Atanywa. Mpaka siku mtu atakapompiga picha ya ultrasaundi, au hata hiyo siku isije.

Ndiyo maana nasema usalama wa mwanamke mezani unaanza na nani ana ruhusa ya kusema. Na anayekosa ruhusa hiyo kuliko wote ni mwanamke mwenyewe.

Chukua suala la idhini. Mama mwenye akili timamu, mtu mzima, amekaa na uchungu tangu alfajiri, mtoto hashuki, mapigo ya moyo wa mtoto yanapungua. Daktari anasema lazima apasuliwe. Kwa maadili ya kazi yetu anayetoa idhini ni yeye. Lakini fomu inapofika mkononi, yeye anamwangalia mama yake, mama anamwangalia shangazi, shangazi anasema tumngoje mume. Mume yuko dago. Wavuvi wanapokwenda kambi za mbali simu haishiki, na hata ikishika yuko majini. Nimeona saa nzima ikipotea kwa kumtafuta mtu ambaye, alipopatikana, alisema, "Sasa mnaniuliza mimi? Si mumpasue!" Wanaume wengi wanaosingiziwa ugumu hawana ugumu wowote. Kinachochelewesha ni woga wetu sisi wote wa kulaumiwa: jamaa anaogopa kulaumiwa na mume, muuguzi anaogopa kulaumiwa na jamaa. Siku hizi nikipata nafasi kliniki, nawaambia wajawazito walizungumze nyumbani mapema, wakiwa wamekaa kwa raha zao, tumbo la miezi sita au saba: ikitokea, nani anajua matakwa yangu, nani ana namba ya nani, nani wa kundi langu la damu yuko karibu. Mume asikie kwa masikio yake kwamba hatangojwa.

Kisha stara. Mwanamke wetu anavuliwa, anapanuliwa miguu, anaingiziwa mpira wa mkojo, na chumbani wamo wanaume. Wahenga walikwishasema mficha uchi hazai, lakini hawakusema avuliwe mbele ya mlango ulio wazi. Kumfunika kanga mpaka dakika ile inayohitajika, kumwambia kabla ya kumgusa, kumwachia kofia ya thieta ashike nywele zake zisionekane, haya hayapunguzi usafi wa opareshini hata chembe. Yanaongeza jambo moja kubwa: mama aliyeheshimiwa atasema. Aliyefedheheshwa hunyamaza hadi mwisho, na mgonjwa aliyenyamaza hawezi kukwambia kwamba kifua kinambana, kwamba sindano ya mgongo imepanda mno na sasa hata mikono anaisikia mizito, kwamba ile dawa ya mwaka juzi ilimletea vipele na kuvimba midomo. Swali la mzio limo kwenye orodha. Jibu lake limo kinywani mwake.

Sindano ya mgongo nimeitaja, na hapo pana jambo ninalotaka kulikazia. Opareshini nyingi za uzazi hufanyika mama akiwa macho, ganzi ikiwa imepita kiunoni kushuka chini. Ni njia nzuri. Lakini presha hushuka, wakati mwengine kwa kasi, na anayeiona ikishuka ni yule aliyekaa kichwani kwa mgonjwa. Utafiti mkubwa wa nchi 22 za Afrika, uliochapishwa 2019, ulikuta kwamba wanawake wapatao 5 katika kila 1,000 waliozaa kwa upasuaji walifariki, kiwango kinachokaribia mara 50 ya kile cha nchi tajiri. Mambo yaliyoandamana na vifo hivyo yalikuwa pamoja na kutokwa damu nyingi na matatizo ya nusu kaputi. Mbele ya tarakimu hizo, kisu chenyewe si adui mkubwa. Watu wa nusu kaputi ni wachache, wanafanya zamu ndefu, na hakuna anayewapelekea keki mama akitoka salama. Kama una keki, wapelekee wao.

Kile kifaa kidogo kinachobanwa kidoleni kupima oksijeni kimeokoa watu wengi kuliko hotuba zote nilizowahi kukalishwa kuzisikiliza. Ila kwetu kina kisa chake. Bibi arusi wa mwaka jana ndiye mzazi wa mwaka huu, na mikono yake ina hina, kucha zimepakwa piko jeusi tititi. Rangi nyeusi inaweza kukizuga kifaa: mwanga haupiti sawa, namba inatoka pungufu au haitoki kabisa, chumba kizima kinaingia hofu kwa jambo lisilokuwapo. Au kibaya zaidi, watu wanazoea kwamba "mashine hii inasema uongo" na siku inaposema kweli hawaiamini. Dawa yake ni kuiweka sikioni kwenye ndewe, au kukigeuza kifaa kidole kiingie ubavu. Mgeni kutoka nje hawezi kulijua hilo mpaka aambiwe, na anayeweza kumwambia ni mhudumu wa kawaida ambaye dada yake ni mpakaji hina.

Wageni tunao, na wa siku nyingi. Timu za madaktari wa Kichina kutoka jimbo la Jiangsu zimekuwa zikija Zanzibar tangu 1964, na Hospitali ya Abdalla Mzee pale Mkoani, Pemba, ilijengwa upya kwa msaada wa China, ikafunguliwa 2016. Serikali nayo imejenga hospitali za wilaya Unguja na Pemba miaka hii ya karibuni, majengo ya kupendeza. Nayafurahia. Wenye umri wangu tunakumbuka kiza cha Unguja kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, miezi mitatu bila umeme wa gridi, na Pemba iliyoishi kwa majenereta hadi waya wa chini ya bahari kutoka Tanga ulipofika mwaka huo huo wa 2010. Mashine ya kufyonza damu bila umeme ni sanduku. Kwa hiyo sidharau jengo wala waya. Nasema tu kwamba jengo haliulizi swali.

Na kabla ya jengo kuna bahari. Wataalamu wa dunia walipokaa 2015 kupima nani anafikiwa na upasuaji, waliweka kipimo cha saa mbili kufika pahali panapoweza kufanya opareshini ya uzazi, ya tumbo, na ya mfupa uliovunjika ukatoka nje. Wakakuta watu bilioni 5 hawana upasuaji salama wanaoumudu kwa wakati. Kwetu saa mbili hizo zina maji ndani yake. Mama wa Fundo, wa Makoongwe au wa Kisiwa Panza, visiwa vidogo vya kando ya Pemba, anaangalia maji kabla ya saa. Bamvua likipwa, mashua inakaa mbali, na mjamzito anabebwa na wanaume juu ya tope na miamba hadi pwani. Akifika Chake au Mkoani na ikabidi kupelekwa Mnazi Mmoja, hospitali kuu iliyoko Unguja, kuna bahari nyengine tena, ya Pemba na Unguja. Ramani haioneshi upepo wa kusi.

Nirudi chumbani, kwa sababu kuna saa moja ninayotaka kuigombania. Dawa ya kuzuia maambukizi inatakiwa iingie mwilini kabla ya kisu, ndani ya saa moja hivi, ili ngozi inapokatwa dawa iwe imekwishafika kwenye nyama. Zamani kwa opareshini za uzazi ilikuwa kawaida kungoja mtoto akatwe kitovu kwanza. Sasa mwongozo ni kabla ya kukata. Ni sindano moja, bei yake ndogo. Lakini dawa ikikosekana stoo jamaa hutumwa dukani, duka la kwanza hawana, la pili limefungwa kwa sala ya Ijumaa, na ikifika mama keshafunguliwa. Inachomwa hivyo hivyo, kwenye faili panaandikwa "imetolewa", na kwa karatasi sote tumefanya vizuri. Ukitaka kujua hospitali inajali wanawake, usiulize ina vitanda vingapi. Uliza saa ya dawa na saa ya kisu, zikiwa zimeandikwa bega kwa bega.

Na wembe. Wanawake wetu wengi wakijua siku ya opareshini hujinyoa nyumbani usiku wake, kwa nia njema ya usafi na kwa haya ya kuonekana hawajajitengeneza. Wembe huacha mikwaruzo isiyoonekana, na vijidudu hupata nyumba mapema. Tangu 2016 Shirika la Afya Duniani linashauri nywele zisinyolewe kwa wembe kabla ya upasuaji, na ikiwa lazima ziondolewe, basi kwa mashine ya kukatia. Kina mama, mkwe wako hatakuona. Njoo kama ulivyo, umekoga vizuri kwa sabuni, inatosha.

Sasa kuna jambo jengine ambalo watetezi wa upasuaji hawapendi kulisema: kuna opareshini ambazo hazikupaswa kufanyika. Huko vijijini Pemba mwanamke kuwa na watoto sita au saba si ajabu. Kovu la kwanza linaandika historia ya mimba zote zinazofuata, kwa sababu kondo la nyuma linaweza kujikita penye kovu, au mfuko ukapasuka katika uchungu wa mbele. Kwa hiyo usalama unaanza kwa anayekaa na mama wakati wa uchungu na kuamua kwa ushahidi. Mnazi Mmoja walilifanyia kazi hili kwa namna ninayoiheshimu. Mradi wa PartoMa, ulioshirikisha watafiti wa Copenhagen, haukuleta kitabu kinene cha Geneva, kwenye makao ya Shirika la Afya Duniani. Walikaa na wakunga na madaktari wa hapa hapa, ambapo mkunga mmoja huweza kuwa na wazazi kadhaa kwa wakati mmoja, wakaandika kijitabu cha kutia mfukoni chenye mambo yanayowezekana kwa hali hiyo, kisha wakafanya semina fupi za mara kwa mara. Watoto waliozaliwa wafu walipungua kutoka 59 kwa kila 1,000 hadi 39. Wodi ilikuwa ile ile, yenye msongamano ule ule. Mimi nadhani siri ilikuwa kwamba waliouandika mwongozo ndio waliotakiwa kuufuata, lakini wenyewe wanaweza kuwa na maelezo mengine.

Mama akishatoka mezani, watu hupongezana. Hapo ndipo mimi huanza kuwa na wasiwasi. Damu ya ndani haipigi hodi. Mama analala, amefunikwa kanga mbili nzuri, jamaa wanasema amepumzika, kumbe anaishiwa. Anayetakiwa kuinua hiyo kanga, kuangalia pedi, kuminya tumbo kuona mfuko umekaza, kupima presha na kupima tena, ni muuguzi mwenye wagonjwa wengine wengi. Kwa hiyo nawafundisha jamaa bila ya kuona haya: "Shangazi, ukiona kanga imelowa chini, ukiona midomo inapauka, ukiona anahangaika au anakwambia kiu haimwishi, usiningoje nipite. Niite kwa sauti. Nikikasirika, niite tena." Baadhi ya wenzangu wanaona nawapa jamaa mamlaka yasiyo yao. Tumebishana sana juu ya hili na hatujakubaliana.

Neno "jikaze" nalo liondoke wodini. Mama aliyekatwa matabaka ya tumbo ana haki ya dawa ya maumivu kwa saa zake. Aliyezoeshwa kuambiwa mbona wenzako hawalii, hatasema maumivu yake yalipobadilika. Na maumivu yaliyobadilika ni habari.

Halafu anakwenda nyumbani, na hospitali inamsahau, na hapa ndipo penye kazi kubwa isiyo na mwenyewe. Maambukizi ya kidonda mengi hujitokeza baada ya mtu kuruhusiwa. Wataalamu huyahesabu hadi siku 30 baada ya upasuaji. Siku 30 hizo zote zimo ndani ya arubaini yetu, na arubaini ina wataalamu wake: mama mzazi, mkwe, na bibi wa kukanda. Maji ya moto yanachemshwa na majani, taulo linakamuliwa, tumbo linabanwa, kisha linafungwa mkaja ukakaza ili lirudi. Kwa aliyezaa kwa njia ya kawaida hayo yamewatuliza wanawake vizazi kwa vizazi na sina ugomvi nayo. Kwa aliyepasuliwa, kidonda kibichi kinalowa, kinafunikwa joto na jasho, kinakandamizwa. Siku ya saba au ya kumi uzi unafumuka.

Nimewaona vijana wa afya wakiwafokea mabibi hawa, na nimeona matokeo: bibi anaitikia "ndiyo dokta", na nyumbani anafanya alivyofundishwa na mama yake. Mimi nakaa naye kitako. Naanza kwa kumuuliza yeye huwakanda vipi, na mara nyingi najifunza kitu. Kisha namwambia, bibi, huyu kapasuliwa, tugawane mwili. Mgongo wako, mabega yako, mikono yako. Tumbo niachie mimi mpaka kidonda kikauke. Mkaja usikaze juu ya kidonda, na kidonda kikae kikavu, kisitiwe majivu, asali wala unga wa dawa. Na miguu, hapo sikilize sana: mguu mmoja ukivimba, ukawa moto na kuuma, usiukande hata kwa kidole. Huenda damu imeganda ndani, na ukiikanda inaweza kung'oka ikaenda kwenye mapafu. Huyo umlete siku hiyo hiyo. Asilale arubaini nzima kama gogo, atembee ndani na uani. Mabibi hawa ni wepesi kuelewa kuliko wanavyodhaniwa. Mmoja alimrudisha mzazi hospitali kwa sababu ya harufu ya kidonda kabla hata homa haijapanda, akamkuta muuguzi wa zamu anamwambia ni kawaida, akakataa kuondoka. Kidonda kilifunguliwa, kikasafishwa, mama akapona.

Lililobaki ni simu. Zanzibar ilikwishaonesha njia zamani: mwaka 2009 na 2010 vituo vya afya 24 vilifanyiwa utafiti uliowahusisha wajawazito 2,550, nusu ya vituo wakitumia ujumbe wa simu na vocha za kumpigia mkunga. Waliozaa mikononi mwa mhudumu mwenye ujuzi walikuwa 60 kwa mia kwenye vituo vya simu, na 47 kwa mia kwengine. Kama simu iliweza kumleta mtu hospitali, inaweza kumfuata nyumbani. Tunachokifanya sisi wachache ni kuchukua namba ya mama na namba ya bibi wa kukanda, tukapiga wiki ya kwanza, na tena kabla mwezi haujaisha. Maswali ni machache: kidonda kikavu au kinatoa maji? Harufu? Homa? Damu ya uzazi inapungua au imerudi? Mguu? Mkojo anaweza kuuzuia, au unamtoka wenyewe? Hilo la mwisho liulizwe kwa upole na liulizwe mama akiwa peke yake, kwa sababu anayevuja mkojo anaweza kuuficha mwaka mzima, na hali fistula, lile tundu linalouvujisha, inatibika.

Nimeomba wodi ipatiwe laini yake ya simu na vocha ya mwezi. Naambiwa ombi linashughulikiwa. Kwa sasa tunatumia simu zetu wenyewe, jambo ambalo mume wangu keshalilalamikia, kwa sababu namba zimesambaa. Usiku wa kuamkia Jumapili alinipigia bibi mmoja wa Micheweni ambaye mjukuu wake alipona zamani. Nikaruka kitandani nikidhani kuna mzazi anavuja damu. Akaniuliza kama naweza kumtazamia bei ya nguru Mkoani.